Mtaa Uliofuta Namba Zake

Jumanne ile walipomchukua Mzee Bashiri, mtaa wote wa nyuma ya stesheni ya Tunduma ulishikwa na tumbo la kuendesha. Sisemi kwa mafumbo. Watu walipokezana vyoo vya shimo mpaka jioni, na waliokutana njiani walisalimiana huku wametazama chini. Mzee Bashiri alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka sitini na ushee, na kosa lake lilikuwa miche sita ya sabuni ya Zambia iliyokutwa uvunguni. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1983, mwaka ambao mtu aliweza kulala raia mwema akaamka mhujumu uchumi kwa sababu tu alitaka kufua shuka.

Lakini mtaani hakuna aliyeamini habari ya sabuni. Sabuni ile ilikuwa katika kila nyumba, pengine hata katika nyumba za hao waliokuja kumkamata. Watu waliamini Mzee Bashiri amechukuliwa kwa sababu jina lake liko kwenye karatasi za mahakama, na kila mmoja alianza kujiuliza kama na lake limeandikwa mahali.

Aliyejiuliza kuliko wote alikuwa Mama Tabita. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, na kazi yake ilikuwa kukandika nyumba za watu. Ukijenga kwa fito au kwa tofali mbichi, unamwita Mama Tabita, anakuja na udongo wake mweupe na mwekundu, anakusiribia ukuta ukawa laini kiasi cha kutamani kuulamba. Tabita, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Iyula. Miaka sita Mama Tabita alikuwa ameishi mtaani pale katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa mikono yake, na katika miaka hiyo yote hakuna jirani aliyelijua jina alilopewa na baba yake. Hilo alilitunza mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Kisa chote kilianza na rangi nyekundu. Shirika la Maghala ya Mpakani lilikitaka kiwanja kile, likamtuma mpimaji na kopo la rangi. Mpimaji alizipa nyumba thelathini namba ubavuni mwa milango, naye hakufuata mstari wala upande, alifuata vivuli na mahali alipokaribishwa chai, hata namba saba ikakaa ncha ya mtaa na nane ikawa karibu na kisima. Wenye nyumba kumi na wawili walikubali viwanja walivyopewa mbali huko, wakafunga mizigo, wakahama. Kumi na wanane waliobaki wakaunda Umoja wa Wenye Nyumba, wakamchagua Mzee Bashiri kuwa mwenyekiti kwa kuwa chumba chake cha cherehani kilikuwa kipana, wakaenda Mbeya kutafuta wakili.

Wakili waliyempata aliitwa Othmani, mtu wa Tanga, mwembamba, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka lisilo na bidhaa. Alikuja Tunduma mwezi wa tisa akakaa nao katikati ya vitambaa, akawaeleza kwamba Umoja wao haujaandikishwa popote, kwa hiyo mbele ya sheria si mtu na hauwezi kushtaki. Angeweza kuwashtakia wote kwa majina yao. Hapo mtu mzima mmoja akaanza kuchunguza dari kana kwamba atatakiwa kuinunua. Mwishowe Mzee Bashiri akasema yeye amezeeka, liandikwe lake. Wakili akakubali: Bashiri atashtaki kwa niaba ya wenzake, na wenzake wataonekana kwenye orodha kwa namba za nyumba tu. Watu walishusha pumzi. Mama Tabita alizishusha ndefu kuliko wote, kwa sababu nyumba yake ikawa namba kumi na tisa na yeye akawa si kitu.

Basi sababu yake ndiyo hii. Jina lake lilikuwa Ferista, binti wa Jairo, wa Ruanda huko Mbozi. Mwaka sabini na nne, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, walikuja kwenye shamba lao la kahawa watu wenye chaki, wakapiga alama ya msalaba kwenye milango. Kesho yake kila nyumba yenye msalaba iling'olewa paa. Ferista alisimama kwenye mvua na mumewe na mtoto akatazama nyasi za nyumba yake zikirushwa chini, na mpaka leo akisikia nyasi kavu zikivunjika mwili unamsisimka. Lakini shangazi yake Loisi, mwanamke mjanja, alikuwa amedamka akaupaka mlango wake udongo juu ya chaki. Waliokuja kubomoa walipita mbele yake bila kugeuka. Nyumba ya Loisi ilisimama misimu miwili zaidi, hadi moto wa operesheni ukapoa wenyewe. Ferista aliandikishwa katika kijiji kipya huko huko Ruanda, mumewe akafia huko, na mwaka sabini na saba akatoroka bila ruhusa ya mtu. Kwenye daftari la kijiji alikuwa bado ni mtu wao.

Na sasa kulikuwa na kampeni ya Nguvu Kazi. Lori lilikuwa likipita Tunduma, likisimamisha watu na kuwauliza kitambulisho cha kazi. Asiye nacho anapandishwa, anarudishwa kijijini kwake akalime. Kukandika nyumba hakukuwa na kitambulisho. Kila liliposikika lori, Ferista aliingia chooni na kukaa huko hata kama hakuwa na haja.

Ndiyo maana Jumatano, siku moja baada ya Mzee Bashiri kuchukuliwa, alipowaona majirani zake wamejikusanya uani kwa Mwanakombo wakitetemeka, alisema jambo ambalo hakuna aliyetarajia kulisikia kutoka kwake. Aliwaambia alama ndiyo inayoiua nyumba. Aliwaambia ya Ruanda, ila alisema ilikuwa ya mtu mwingine. Mwanakombo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyetoka Pangani akimfuata mume dereva, aliuliza kama wakili angekubali. Mtu akajibu kwamba wakili yuko Mbeya, simu ya posta imekufa, na Mzee Bashiri naye alikuwa na wakili. Hilo likamaliza maneno.

Walifanya kazi mchana ule ule, mvua ikinyunya. Wanawake sita walibeba maji na udongo. Ferista peke yake ndiye aliyeshika jembe fupi, kwa sababu ukikwangua ovyo ukuta unamong'onyoka. Rangi ya mafuta haifunikiki kwa udongo tu, ilibidi kuondoa ngozi yote ya ukuta, kipande cha ukubwa wa sinia, kisha kusiriba upya. Alizifanya zote thelathini, hata zile kumi na mbili zilizohamwa, ili kusiwe na nyumba itakayojitenga na wenzake. Hadi jioni mtaa mzima haukuwa na namba hata moja. Watu walitembea wakitazama kuta, na kwa mara ya kwanza tangu jana wakacheka kidogo. Ferista alilala amechoka, akajiona ameitendea nyumba yake haki.

Kumbe saa hizo hizo, Mbeya, jaji alikuwa akitia sahihi amri ya zuio.

Alhamisi asubuhi tingatinga lilisikika kabla halijaonekana. Ardhi ya Tunduma ilianza kutetemeka taratibu, vikombe vikagongana kabatini, na ndani ya dakika chache kila mlango wa mtaa ule ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ferista alisimama nyuma ya mlango wake akichungulia kwenye ufa. Aliliona tingatinga la manjano, nyuma yake lori la mgambo likiwa tayari na watu kama kumi waliokaa chini wamekunja magoti, na mbele yao mtu nadhifu mwenye suti ya Kaunda na buti za mpira. Huyo alikuwa Raphaeli, msimamizi wa Shirika. Hakuwa mtu wa makelele, na upole wake ndio uliokuwa ukiwatia watu hofu zaidi.

Ferista alingoja. Aliamini watapita, kama walivyopita kwa shangazi Loisi. Watatazama, hawataona alama, watakuna vichwa, watarudi kumtafuta mpimaji wao na kopo lake, na hiyo peke yake ni wiki nzima.

Raphaeli alitazama kuta. Kisha akamwambia dereva wa tingatinga aanzie nchani.

Wakati huohuo lori la mahindi likasimama barabarani, na aliyeruka kutoka juu ya magunia, suruali imejaa vumbi na bahasha ya kaki kifuani, alikuwa Wakili Othmani. Nyuma yake alishuka mtu mnene mwenye mkoba na kofia. Huyo aliitwa Boazi, tarishi wa mahakama. Wakili alikimbia mpaka mbele ya tingatinga akainua mkono. Ferista aliuona mkono ule ukitetemeka hata kutoka kwake, na kwa namna fulani hilo lilimtisha kuliko mashine. Alikuwa amedhani mawakili hawaogopi.

Wakili akaisoma amri kwa sauti kubwa ili nyumba zote zisikie. Mahakama imezuia kubomolewa kwa nyumba kumi na nane zinazokaliwa na wanachama wa Umoja, zenye namba zifuatazo, mpaka kesi iishe. Akazisoma namba moja baada ya nyingine. Alipofika kumi na tisa Ferista alijishika mdomo kwa viganja viwili.

Raphaeli aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri. Alisema yeye ni mtumishi wa serikali, hawezi kubishana na mahakama. Nyumba kumi na nane zilizotajwa hatazigusa. Zile nyingine kumi na mbili atazivunja leo, maana hakuna anayemzuia.

"Sasa, ndugu wakili," alisema, "nionyeshe namba saba. Nisiyoonyeshwa nitaihesabu na zile kumi na mbili."

Wakili Othmani akageukia ukuta wa karibu. Halafu ule wa pili. Akatembea mpaka wa tatu na wa nne, akapitisha kidole juu ya udongo mbichi, akakitazama kidole. Ferista aliliona shavu lake likianguka kama la mtu aliyeambiwa amefiwa. Na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Namba zile za rangi nyekundu alizozikwangua kwa ustadi wake wote ndizo zilizokuwa kinga. Si kwake tu. Alikuwa ameziondolea kinga nyumba kumi na nane, za watu waliomwamini, na alikuwa amewashawishi yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Akachuchumaa nyuma ya mlango, akatamani ardhi ipasuke.

Wakili alianza kubisha milango. Aliita wenye nyumba watoke, kila mmoja aonyeshe yake. Hakuna aliyetoka. Lori la mgambo lilikuwa pale pale, kamanda wao amekaa kwenye bodi ameshika daftari, na kila aliyekuwa ndani alijua kwamba kutoka ni kuulizwa jina, na kuulizwa jina ni kuulizwa kitambulisho. Alibisha kwa Mwanakombo, akasikia mtu akikohoa, basi. Alibisha kwa Ferista.

"Nani yumo humu?"

"Mama Tabita," alijibu kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa hakuweza tena kukaa nalo, akasema kupitia kwenye ufa, "Wakili, ni mie nilizifuta. Zote. Nilifikiri nazificha."

Wakili hakumtukana, na angetukana ingekuwa nafuu. Badala yake aliuliza, taratibu sana, kama anazikumbuka.

Alizikumbuka. Alikuwa amezikwangua moja moja kwa mkono wake, na nyumba zenyewe alizijua mpaka nyufa zake. Alisema ndiyo.

Wakili akainama karibu na ufa akamweleza jambo lilivyo. Tarishi ana fomu yake, na kwenye fomu hiyo kuna mstari wa mkazi aliyemwonyesha nyumba, ambaye hawezi kuwa wakili wa kesi. Mtu mmoja anatosha kwa nyumba zote. Lakini lazima liandikwe jina lake kamili na mahali anapotoka, mbele ya mashahidi, na kamanda wa mgambo ni miongoni mwa mashahidi waliopo. Wakili alisema haya bila kupumua, kisha akasema jambo ambalo Ferista hakuwa amelitegemea.

"Mama, ningekuwa wakili wako wewe peke yako, ningekuambia ukae ndani na ufunge mdomo. Lakini mimi ni wakili wa nyumba kumi na nane. Kwa hiyo sikuambii utoke, na sikuambii usitoke. Siwezi."

Akaondoka mlangoni. Ferista akasikia hatua zake zikienda, na baada ya hapo akasikia injini ya tingatinga ikipandishwa sauti. Lilikuwa linaelekea nchani, kwenye nyumba ya Mzee Bashiri. Siti, mke wa mzee, alikuwa ameenda kituo cha polisi kumpelekea mumewe uji. Akirudi angekuta kifusi, na cherehani chini yake.

Wako watakaosema alipiga moyo konde. Hawakuwapo. Ukweli ni kwamba moyo wake haukukubali hata kidogo. Aliushika mlango, akauacha, akaushika tena. Alifikiria Ruanda, mwenyekiti wa kijiji akimsimamisha mbele ya mkutano kama mfano wa mtoro. Alifikiria nyumba yake hii, jinsi alivyokanyaga udongo wake wiki tatu mpaka nyayo zikapasuka. Akitoka atapelekwa mbali nayo. Asipotoka itavunjwa mbele yake, pamoja na za wengine. Hakuna njia iliyokuwa na nafuu, ila moja ilikuwa na kifusi kidogo. Akafungua.

Mchana ulimpiga machoni. Alitembea katikati ya mtaa akiwa peke yake, kanga ameishika shingoni kama mwenye homa, na aliposimama kati ya tingatinga na nyumba ya nchani aliegemea ukuta.

"Ya Mzee Bashiri ndiyo saba," alisema. "Andikeni."

Raphaeli alimtazama kwa udadisi, akamwashiria dereva apunguze moto. Boazi akafungua mkoba, akatoa nakala za amri. Alikuwa amekuja na gundi yake ya unga lakini hakuihitaji, udongo ulikuwa bado mbichi, karatasi aliibonyeza ukutani ikashika yenyewe.

Wakaenda hivyo, nyumba kwa nyumba. Ferista mbele, tarishi na karatasi, wakili na orodha, Raphaeli na buti zake, na kamanda wa mgambo nyuma yao na daftari. Hii ni ishirini na tano. Hii imehamwa, haimo. Hii ni nane. Hii haimo. Alizisema na zile zisizokuwamo, ingawa ulimi ulimshawishi mara kwa mara aziingize, kwa sababu alijua akikamatwa na uongo mmoja zote zitaanguka. Nyuma ya milango alisikia watu wakivuta pumzi anapopita.

Kwenye nyumba ya kumi na nne alikwama. Alikumbuka mbili na moja lakini hakukumbuka ipi ilitangulia, na namba kumi na mbili haikuwamo kwenye orodha, ilikuwa ya mmoja wa waliohama. Raphaeli akasubiri, mpole vilevile, akatazama saa. Jasho lilimtoka Ferista mgongoni. Akaweka kiganja ukutani, akakipitisha polepole juu ya kiraka, mpaka akakuta mahali ambapo jana jembe lilikwaruza msumari uliomchana kidole. Msumari ulikuwa kando ya ile moja, na moja ilikuwa mwisho.

"Ishirini na moja," alisema, na wakili akaipigia alama kwenye orodha.

Ya mwisho kwenye orodha yake ilikuwa na mlango wazi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuacha hivyo.

"Kumi na tisa. Hii ni yangu."

Boazi alibonyeza karatasi ya kumi na nane, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaiweka fomu kwenye goti. Akamuuliza jina. Ferista alilitazama daftari la kamanda. Miaka sita alikuwa hajalitamka.

"Ferista Jairo," alisema. "Natoka Ruanda, Mbozi."

Kamanda wa mgambo alilinakili kwenye daftari lake pia, bila haraka, kisha akauliza kitambulisho cha kazi. Ferista akamwonyesha mikono yake iliyokauka udongo. Hakukusudia mzaha, hakuwa na kingine cha kuonyesha. Kamanda akauliza ameandikishwa kijiji gani, naye akakitaja. Wakili Othmani aliingilia, akasema mama huyu anaweza kuombewa kibali, kwamba iko sheria na uko utaratibu. Kamanda akajibu kwamba utaratibu uko, ataufuata akiwa kijijini kwake. Akamwonyesha lori.

Alipandishwa. Alikaa kwenye bati pamoja na wale kumi, akakunja magoti kama wao, akatazama mtaa kwa juu. Karatasi kumi na nane nyeupe zilikuwa zimeganda kutani. Alijiambia nyumba imesimama. Mimi naondoka lakini imesimama. Alijiambia hivyo mara tatu ili aweze kulimeza.

Ndipo Raphaeli, aliyekuwa akiisoma tena amri kwa utulivu wake, akamgusa wakili begani. Alisema samahani, kuna neno moja hapa. Amri inasema nyumba zinazokaliwa. Hii kumi na tisa haikaliwi tena, mwenyewe ameshaondoka, kila mtu anaona. Akasema atazivunja zile kumi na mbili na hii moja, na hatakuwa amemkosea mtu.

Ferista alisimama kwenye lori bila kujua kuwa amesimama, mgambo akamrudisha chini kwa bega. Hakulia. Alikuwa amepoa mwili mzima, na sikioni alisikia nyasi kavu zikivunjika ingawa nyumba yake ilikuwa ya bati.

Mlango wa Mwanakombo ukafunguka. Mwanakombo alitoka na kigoda mkononi na mkeka kwapani, uso umempauka, akavuka hatua zile nne bila kumtazama mtu, akaketi kwenye kizingiti cha Ferista.

"Inakaliwa," alimwambia tarishi. Meno yalikuwa yakimgongana. "Nyumba yangu ile anakaa mdogo wangu, mie nakaa hapa."

Kamanda akamuuliza jina. Akalitaja, na la baba yake. Kitambulisho hakuwa nacho. Kamanda akaashiria lori, na Mwanakombo akainuka, akakiacha kigoda pale pale, akapanda akajibana karibu na Ferista. Walishikana mikono kama wasichana.

Raphaeli alimtazama dereva wa tingatinga. Kabla hajainua mkono mlango ule ule wa Mwanakombo ukalia tena bawaba. Alikuwa Stumai, mdogo wake Mwanakombo, na mtoto wa kunyonya mgongoni. Alikuja akaketi kwenye kigoda kilekile.

"Inakaliwa," alisema.

Na nyuma yake, ng'ambo ya mtaa, mtu mzima yule aliyechunguza dari mwezi wa tisa alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, miguu pekupeku, akingoja zamu.

Kamanda alitazama daftari lake. Alitazama lori, ambalo lilikuwa na nafasi ya watu wanne au watano, na akatazama milango, ambayo ilikuwa imeanza kuachia nyufa mmoja baada ya mwingine, akalifunga daftari bila kumuuliza Stumai jina. Raphaeli aliikunja amri akaitia mfukoni, akasema waanze na zile kumi na mbili.

"Tarishi," Wakili Othmani alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "andika kwamba kumi na tisa inakaliwa."

Boazi akaandika. Lori likawashwa. Ferista aliogopa mpaka lilipofika Mbozi, na akaogopa baada ya hapo pia, lakini njia nzima hakuuachia mkono wa Mwanakombo.